Kuluva: Hospitali Iliyoandika Kila Mtoto

Mwaka 1992 Taasisi ya Franklin ya mjini Philadelphia, Marekani, ilimtunuku Denis Parsons Burkitt Tuzo ya Bower ya mafanikio katika sayansi. Alikuwa mzee wa miaka 81, daktari mpasuaji mstaafu, aliyepoteza jicho moja tangu utotoni. Fedha za tuzo hiyo zilitokana na wosia wa Henry Bower, mwenye viwanda vya kemikali wa mji huohuo. Miaka 20 kabla yake Burkitt alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Lasker, na mwaka uliofuata, 1973, Tuzo ya Gairdner ya Kanada. Bower ilimfikia mwishoni kabisa. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Ukizisoma orodha za washindi wa tuzo hizo utakuta jina la mtu, mwaka, na sentensi mbili tatu za sababu. Kuluva hutaikuta. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi uliofanya uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto, ueleweke duniani ilikusanywa katika hospitali moja ya misheni hapa West Nile, mtoto mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi. Hospitali hiyo inastahili kukumbukwa kwa jina lake yenyewe, na haitoshi kutajwa pembeni katika wasifu wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo alikuwa mwema na mkubwa kama Burkitt.

Ukitoka kwetu Dadamu, kaunti ya Ayivu, unaingia Arua mjini, kisha unashika barabara ya kusini iendayo Nebbi. Kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini umefika Kuluva, katika nchi ya Vurra. Mpaka wa Kongo hauko mbali. Arua iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mashariki ardhi inateremka polepole hadi Mto Nile, kwenye joto na mbu wengi. Kusini inapanda kwenye milima ya Okoro, ambako watu hujifunika shuka nzito usiku. Msomaji aushike mteremko huo akilini, maana magonjwa ya West Nile hayawezi kuelezwa bila huo.

Hospitali ilijengwa na wamisionari wa Africa Inland Mission. Waliojulikana zaidi miongoni mwao ni ndugu wawili, wote madaktari: Ted Williams, ambaye katika maandishi ya kitaalamu huandikwa E. H. Williams, na Peter Williams. Leo iko chini ya Kanisa la Uganda, Dayosisi ya Madi na West Nile, na ina chuo cha wauguzi na wakunga. Katika miaka ya mwanzo ilifanya yale ambayo kila hospitali ya misheni ilifanya: malaria, ukoma, minyoo, uzazi mgumu, ngiri, vidonda visivyopona. Iliyoitofautisha na nyingine nyingi ni tabia ya kuuliza na kuandika. Mwaka 1966 ndugu hao wawili walichapisha katika East African Medical Journal maelezo mafupi kwamba ugonjwa wa usubi, ngiri ya paja na vidonda vya tumbo vilikuwa na mtawanyiko unaofanana ndani ya West Nile. Magonjwa hayo matatu hayana undugu wa wazi. Mtu hawezi kuona kufanana huko kama kwa miaka kadhaa hajamwuliza kila mgonjwa anayelala kitandani ametoka kijiji gani, na kama hajayaweka majibu mahali ambapo anaweza kuyarudia.

Jina la West Nile, kwa kweli, lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu vya tiba kabla ya hapo. Mwaka 1937 wanasayansi wa kituo cha utafiti wa homa ya manjano cha Entebbe, kilichofunguliwa mwaka mmoja kabla kwa fedha za Rockefeller, walichukua damu ya mwanamke wa Omogo aliyekuwa na homa. Walikuwa wakitafuta homa ya manjano, wakapata kirusi kisichojulikana, wakakiita kwa jina la wilaya. Ripoti ilitoka mwaka 1940. Miaka karibu 60 baadaye kirusi hicho kilizuka New York, na watu ambao hawajui Arua iko wapi wakaanza kulitaja jina la nchi yetu kwa hofu. Utafiti wa homa ya manjano wenyewe ulimletea Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1951. Kwa hiyo watu wa huku walikuwa na desturi ya zamani ya kutoa damu kwa ajili ya sayansi ambayo tuzo zake zilitolewa mbali.

Sasa tuje kwenye uvimbe. Burkitt, Mwairishi wa Enniskillen, alifika Uganda mwaka 1946 na kuanza kazi Lira, kisha akahamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote, juu na chini. Haikuwa usaha wala jipu. Muda si mrefu, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso uleule, na alipompapasa tumbo akakuta mavimbe humo pia. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na makala yale hayakumshtua mtu.

Yeye alishtuka. Alipata ruzuku ya pauni 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto hao na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza swali moja: mmewahi kuona hiki? Majibu yalipofika aliyachomeka kwa pini kwenye ramani ukutani. Pengine alirithi jambo hilo. Baba yake, mpimaji wa barabara za Fermanagh, alikuwa akiwavisha pete ndege wadogo wa bustanini ili awatambue mmojammoja, kisha akachora ramani ya mipaka ya kila ndege. Pini za mwana zilifanya mshipi mpana kuivuka Afrika pande zote mbili za ikweta, na mkia ukishuka pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji.

Kuluva inaingia hapa. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala kutafuta ncha ya ule mkia, ajue ugonjwa unakoma wapi na kwa nini. Aliondoka na wenzake wawili, Cliff Nelson na Ted Williams wa Kuluva, katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Williams alikuwa na sifa mbili zilizomfanya asikosekane katika safari hiyo. Aliujua uvimbe, kwa kuwa watoto wa West Nile walikuwa wakimjia nao, na alijua kufungua injini na kuifunga tena kando ya barabara. Walikwenda Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji, mpaka Johannesburg, wakarudi. Ilikuwa safari ya wiki 10 na maili 10,000, sawa na kilomita 16,000 hivi, wakipita katika hospitali zipatazo 60. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza. Gharama yote haikufika pauni 700. Ukizilinganisha na mamilioni yanayotumika leo kwa swali moja la saratani, pauni hizo chache zilizaa sana.

Jibu waliloleta ni kwamba ugonjwa ulifuata mwinuko. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kikomo kilivyoshuka, mpaka ukabaki nyanda za chini za pwani. Alexander Haddow, bingwa wa virusi wa Entebbe, aliitazama ramani na kusema kwamba kinachohusika ni joto: ugonjwa haupatikani pale ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 16, na mvua nayo isipungue kiasi fulani. Aliyefanya kazi na mbu maisha yake yote aliona papo hapo maana yake: hayo ndiyo mazingira ya mbu. Ukitaka mfano wa Waswahili, Unguja na Pemba zina joto na mvua vyote viwili, lakini uvimbe huo ulikuwa adimu huko, na visiwa hivyo ndivyo vilivyokuwa vimepigana vita vikali na malaria. Mwaka 1970 Daktari G. W. Kafuko wa Uganda aliandika pamoja na Burkitt juu ya uhusiano wa uvimbe huu na malaria.

Ramani ya bara ilionyesha wapi. Haikuweza kuonyesha namna ugonjwa unavyotembea ndani ya wilaya moja, mwezi hadi mwezi, kijiji hadi kijiji. Kwa hilo ilihitajika hospitali ambayo haikusahau mgonjwa hata mmoja.

Tuangalie ni nini hasa kilichotakiwa. Mama amefika na mtoto wa miaka sita, taya limevimba, meno yanalegea. Daktari anataka kujua mambo mawili kwa uhakika kuliko yote: mtoto alikuwa akilala wapi ugonjwa ulipoanza, na ulianza lini. Swali la kwanza linahitaji zaidi ya jina la kaunti, kwa sababu Vurra au Aringa ni pana. Panatakiwa kijiji, na ikiwezekana boma lenyewe, kisha mtu aende apaone na kupaweka kwenye ramani. La pili ni gumu zaidi. Mama wa kijijini hahesabu kwa tarehe. Anakumbuka kwamba jino la kwanza lililegea wakati wa palizi ya wimbi, au wiki ileile walipomzika jirani fulani. Muuguzi anayejua lugha yake, Lugbara au Kakwa au Alur, anakaa naye mpaka palizi ile inakuwa mwezi, na mwezi unakuwa tarehe inayoandikika kwenye kadi ya mtoto. Kosa la miezi mitatu linaharibu kila kinachofuata. Kazi hiyo haina sherehe, na mtu akiifanya vizuri hakuna anayemwona.

Kwa kadi za namna hiyo hisabati ikaanza kazi. Mwaka 1964 George Knox, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu ya watoto kaskazini mwa Uingereza, alitoa njia rahisi ya kujua kama wagonjwa wanakusanyika mahali na wakati kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati. Wapange wagonjwa wawiliwawili. Wagonjwa 30 wanakupa jozi 435. Kwa kila jozi uliza: je, hawa wawili waliishi karibu, tuseme chini ya kilomita 5? Je, waliugua karibu, tuseme ndani ya siku 90? Tuchukulie kwamba jozi 40 ziko karibu kwa mahali, na jozi 87, yaani moja katika kila tano, ziko karibu kwa wakati. Kama mahali na wakati havihusiani, basi katika zile 40 moja ya tano tu, yaani 8, ndizo zingekuwa karibu kwa vyote viwili. Ukikuta 9, nyamaza. Ukikuta 20, kuna kitu kinachopita kijijini. Idadi hizi nimezitunga ili kueleza njia. Wagonjwa wanapofika 200, jozi zinakuwa 19,900.

Aliyezifanyia hesabu kadi za Kuluva ni Malcolm Pike, mwanatakwimu mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 1967 Pike, Williams na B. Wright walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya wagonjwa wa West Nile wa 1961 hadi 1965. Jibu lilikuwa kwamba walikuwa wamekusanyika. Watoto waliokaa jirani waliugua kwa nyakati zinazokaribiana, kupita kiasi cha bahati. Mwaka 1969 ulifuata ushahidi zaidi katika British Journal of Cancer. Dunia ya saratani ilitega masikio, kwa sababu ugonjwa unaokusanyika hivyo unaonekana kuwa na chanzo kinachozunguka, kama yanavyofanya maambukizi.

Lakini sehemu ninayoithamini kuliko zote katika historia ya Kuluva ni ile ya mwaka 1978. Williams na wenzake walirudi katika jarida hilohilo na hesabu ya miaka 15, 1961 hadi 1975, wagonjwa zaidi ya 200. Walionyesha kwamba mkusanyiko ulikuwapo katika miaka ya kwanza, ukatoweka kwa muda mrefu, ukajitokeza kidogo mapema katika miaka ya 1970, kisha haukuonekana tena. Hospitali ndogo iliyopata sifa kwa jibu la kwanza iliendelea kuhesabu, na hesabu zilipolilegeza jibu hilo ikasema hadharani. Kuna vyuo vikuu vikubwa ambavyo havijawahi kufanya hivyo.

Tuzo za heshima duniani hazijui vizuri la kufanya na kazi ya namna hii. Nobel ya sayansi haigawiwi kwa watu zaidi ya watatu, na hisabati haimo kabisa. Wanahisabati walisubiri hadi mwaka 2003, Norway ilipoanza kutoa Tuzo ya Abel na kumpa wa kwanza Jean-Pierre Serre. Kabla ya hapo walikuwa na Medali ya Fields, ambayo hupewa wasiozidi miaka 40, hivyo haiwezi kuheshimu kazi ya maisha yote. Wanaohesabu wagonjwa walikaa katikati, si wanahisabati wa kutosha kwa hawa, si madaktari wa kutosha kwa wale. Kwa hiyo nilifurahi kwamba Tuzo ya Shaw ya Hong Kong, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ilimkumbuka Richard Doll, aliyeonyesha mwaka 1950 pamoja na Bradford Hill kwamba tumbaku inahusiana na saratani ya mapafu. Walifanya hivyo kwa kuwauliza wagonjwa maswali sahihi na kuhesabu majibu. Malcolm Pike aliwahi kufanya kazi chini ya Doll. Sisi wa West Nile, ambao tumelima tumbaku kwa biashara miaka nenda rudi, tuna sababu mbili za kulijua jina hilo.

Turudi nyuma kidogo, London. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo kijana aliyeitwa Anthony Epstein. Alipotoka alikuwa ameshaamini kwamba uvimbe huo unatokana na kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakikuonekana kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja iliyobeba kipande ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, sampuli ikafika imechelewa, seli zikielea katika maji yake. Seli hizo zikakubali kuota maabara. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walitangaza kirusi kinachojulikana leo kama Epstein-Barr. Epstein aliishi hadi Februari 2024, miaka 102, akiwa amepewa heshima nyingi.

Kirusi kimepatikana, lakini swali likabaki. Karibu kila mtu duniani anacho. Wagonjwa wa uvimbe walikuwa na kingamwili nyingi zaidi, ila huenda ugonjwa ndio uliokipa kirusi nafasi ya kustawi. Kipi kilitangulia? Hakuna maabara iliyoweza kujibu. Njia ilikuwa moja tu: kuchukua damu ya watoto wakiwa wazima, kuihifadhi, kisha kusubiri miaka mpaka baadhi yao waugue, halafu kuifungua ile damu ya kale na kuisoma. Kwa kuwa ugonjwa ni nadra, watoto walihitajika kwa makumi ya maelfu. Na palihitajika mahali ambapo kila mtoto atakayeugua atajulikana, bila kupotea hata mmoja.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon, Ufaransa, lililoundwa mwaka 1965 chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichagua West Nile. Sababu iko wazi kwa aliyesoma hadi hapa. Kadi za Kuluva zilionyesha ni watoto wangapi watarajiwe, wanatoka wapi, na kwamba wanaweza kupatikana. Guy de-Thé na Anton Geser waliongoza, Nick Day alishika hesabu, Peter Tukei wa taasisi ya virusi ya Entebbe aliingia, na Ted Williams alikuwamo. Kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000, tangu wachanga hadi wa miaka 8, walitolewa damu.

Naomba tusiipite idadi hiyo haraka. Watoto 42,000 maana yake ni mama 42,000, au shangazi, au bibi, waliomshika mtoto mkono huku akilia ili atobolewe, kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Kila damu ilitengwa maji yake, ikaandikwa namba, ikagandishwa, ikasafirishwa. Kila mtoto aliandikwa jina na kijiji ili apatikane baadaye. Hiyo ilikuwa Uganda ya Idi Amin, mwana wa Koboko, ambapo mafuta ya gari, vipuri na dawa vilikuwa vikizidi kuadimika mwaka hadi mwaka, na wageni wengi walikuwa wakiondoka. Mradi ulisimama kwa sababu watu wa West Nile waliusimamisha: machifu waliokusanya vijiji, madereva, wauguzi, makarani wa namba.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1978. Katika wale 42,000, watoto 14 walikuwa wameugua, yaani mmoja katika kila 3,000. Damu yao ya kabla ya ugonjwa ilipopimwa, wengi wao walionekana kuwa na kingamwili za kirusi kupita wenzao wa rika na kijiji kimoja, miezi na hata miaka kabla ya taya kuvimba. Mtoto mwenye kiwango cha juu namna hiyo alikuwa katika hatari mara 30 ya wengine. Kirusi kilitangulia. Ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kabisa, uliokusanywa kwa kufuata watu wenye afya, kwamba kirusi kinachangia saratani ya binadamu. Mwaka 1997 shirika la Lyon lilikiweka kirusi cha Epstein-Barr katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Upande wa tiba heshima ziligawanywa kwa haki zaidi. Burkitt na wenzake Kampala walikuwa wamegundua kwamba dawa za kemikali, hata kwa dozi chache, zinaweza kuuyeyusha uvimbe huu, jambo ambalo wakati ule halikutarajiwa kwa saratani nyingi. Lasker ya mwaka 1972 ilikwenda kwa kundi la madaktari walioendeleza tiba ya saratani kwa dawa. Pamoja na Burkitt walikuwamo John Ziegler, aliyeongoza kituo cha saratani kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, na V. Anomah Ngu wa Kamerun, aliyefanya kazi yake Ibadan. Ziegler alipoondoka mwaka huohuo wa 1972, Charles Olweny, Mganda, alikishika kituo katika miaka migumu kuliko yote na hakukiacha kife.

West Nile yenyewe haikupata nafasi ya kupumua. Aprili 1979 Amin alianguka, na kufikia Juni majeshi ya Tanzania yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 mapigano yalirudi Koboko na Arua, na kisasi kilichofuata kiliwasukuma watu kwa wingi mno Zaire na Sudan. Vijiji vilivyokuwa vimeandikwa kwa uangalifu, nyumba kwa nyumba, vikabaki vichaka. Utafiti wa kufuata watoto haungeweza kuendelea pale ambapo hapakuwa na mtu wa kufuatwa.

Kadi, hata hivyo, hazikwenda bure. Mwaka 1986 Williams, Hayes na Smith walichapisha uchambuzi wa watu waliolazwa Kuluva katika kipindi cha miaka 27, ugonjwa kwa ugonjwa. Kumbukumbu ya namna hiyo kutoka hospitali ya kijijini Afrika ya miaka ile ni lulu. Upande wa malaria, Geser alikuwa amekwenda North Mara, Tanzania, ambako kuanzia 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge, na vimelea vikaanza kuizoea dawa, hivyo jibu la mkato halikupatikana. Mwaka 2012 shirika la Lyon lilitamka kwamba malaria kali ya kudumu huenda inachangia saratani hii.

Kisha Kuluva ikaitwa tena. Kati ya 2010 na 2016 Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, aliongoza utafiti mkubwa wa uvimbe wa Burkitt katika Uganda, Kenya na Tanzania, na Kuluva ilikuwa mojawapo ya vituo pamoja na Lacor ya Gulu. Safari hii waliandikwa wagonjwa na pia watoto wazima wa vijiji vya jirani, waliochaguliwa kwa bahati nasibu ili walinganishwe. Wanafunzi wa uuguzi wa leo wako umri wa wajukuu wa wale waliokaa na akina mama wakitafuta mwezi wa palizi.

Naona wakati umefika wa Kuluva kupendekezwa kwa heshima ya kimataifa kama taasisi, na Waganda ndio waipendekeze. Mlango upo: Lasker ya utumishi kwa umma ilitolewa mwaka 2015 kwa Médecins Sans Frontières, ambalo ni shirika, wala si mtu. Dayosisi ya Madi na West Nile inaweza kuandika barua, na Chuo Kikuu cha Muni, kilicho hapahapa Arua, kinaweza kuiandaa hoja. Vielelezo vya kuambatisha viko tayari: British Medical Journal la 1967, British Journal of Cancer la 1969 na la 1978, Nature la 1978, na ule uchambuzi wa miaka 27.